Mhusika wa Nukta Nane

Iko nchi inaitwa Salamani. Msifungue ramani, haimo. Waliochora ramani waliisahau, na wenyeji wakaona bora wasiwakumbushe. Ni nchi yenye amani nyingi mno, kiasi kwamba kila mtaa umewekewa ofisi mbili za kuwauliza wananchi kama wanaiona. Mimi kazi yangu ni kusifu tu. Atakayesikia kitu kingine humu ndani, masikio ni yake.

Basi huko Salamani alikuwapo mwigizaji aitwaye Shomvi Bakiri, mwajiriwa wa Shirika la Filamu la Taifa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mke mmoja aitwaye Siwema, na uoga wa kuwatosha watu wanne. Wala simsemi vibaya. Kwenye tangazo la kazi la Shirika uoga ulikuwa sifa ya kwanza, kabla hata ya kujua kusoma. Kwa miaka sita alikuwa amecheza mlinzi, mwizi wa kuku, daktari, na mara mbili maiti. Umaarufu wake ulitokana na zile maiti, maana hazikuwa na maneno ya kukosea.

Asubuhi moja akaitwa kwa Mkurugenzi. Kuitwa kwa Mkurugenzi, Salamani, ni jambo la kumfanya mtu aage nyumbani. Shomvi akamwonyesha Siwema zilipo nguo zake nzuri, endapo zitahitajika, akaondoka.

"Keti, Bwana Shomvi," akasema Mkurugenzi, Bwana Kigalu, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata akiomba chumvi. "Taifa limekuchagua."

"Kwa kosa gani, mheshimiwa?"

"Kwa heshima, bwana! Kwa heshima! Utaigiza mhusika ambaye hajawahi kuonekana katika nchi hii." Hapo Bwana Kigalu akatazama mlango, akatazama dirisha, akakohoa kidogo. "Umenielewa?"

Shomvi akaelewa, naye akautazama mlango.

Kisa chenyewe kilianza ng'ambo, kwenye tamasha kubwa la filamu. Mlezi Mkuu wa Taifa alikwenda huko na ujumbe wa watu sabini, akitarajia zawadi. Zawadi ikachukuliwa na jirani zetu wa Kandoni, kijinchi kisicho hata na reli, kwa filamu ya mwanamume ampendaye mwanamume mwenzake. Mlezi Mkuu yeye alikalishwa safu ya kumi na nne, karibu na mlango wa choo. Aliporudi, hata kabla ya kushuka ngazi za ndege, akatangaza: "Wao wanaye mmoja. Sisi tutakuwa na bora kuliko wao!"

Waziri akamnong'oneza, "Mtukufu, tulishawatangazia walimwengu kwamba hapa kwetu watu hao hawapo."

"Basi aigizwe," akasema Mlezi Mkuu. "Kwani yule simba wa kwenye nembo yetu, nani amewahi kuuliza anakula wapi?"

Watu wakapiga makofi dakika tisa. Ikabaki shida ndogo ya kisheria. Kwa kuwa watu hao hawakuwapo, sheria ilikataza hata kuandika jina lao. Karani akifika hapo aliweka nukta nane, na msomaji akizifikia alitakiwa kukohoa mara moja. Sheria ilikuwa nzuri, ila ilitungwa wakati wa kiangazi. Masika ilipoingia na mafua yake, watu mia mbili wakakamatwa wakikohoa kwenye foleni, na wengine wakajifungia ndani na mito vinywani mpaka mvua zikakatika.

*

Kabla ya kupewa mhusika huyo, Shomvi alitakiwa apate Cheti cha Unyoofu, ili walimwengu na wananchi wajue kwamba anaigiza tu. Akapeleka cheti cha ndoa, barua ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili wenye ndevu, na picha akiwa amebeba mfuko wa saruji. Akafanyiwa mtihani. Akaonyeshwa vitambaa viwili akaulizwa kama rangi zinaendana, na jibu sahihi lilikuwa "Sijui." Akapewa sindano na uzi, akashindwa kutunga, wakampongeza. Akaulizwa siku ya kuzaliwa ya mkewe, akaisahau kwa hofu, wakampa alama zote.

"Huyu ni mnyoofu wa kupigiwa mfano," akaandika mtahini.

Siwema alipokiona cheti akacheka mpaka akakaa chini. "Umesahau siku yangu ya kuzaliwa, na serikali imekupigia muhuri!"

Shomvi hakucheka. Alikuwa anafikiria cheti hicho kinaweza kunyang'anywa kwa jambo gani.

Upigaji picha ukaanza. Hadithi ilikuwa nyepesi: mtu anamsubiri mwenzake aliyesafiri miezi mitatu, na mwenzake anarudi. Msafiri alichezwa na Dihenga, mwigizaji mrefu mwenye Cheti cha Unyoofu cha daraja la pili. Shomvi akacheza kama desturi ya vichekesho vya Salamani: akalegeza mikono, akakata kiuno, akabana sauti, akapepea kope. Mjumbe wa Bodi ya Usafi wa Sanaa, ambaye alikaa seti na daftari lake kila siku, akacheka mpaka akashika mbavu. Filamu ikapelekwa ng'ambo kwa majaribio.

Ikarudishwa na barua ya mistari miwili. "Tumeitazama. Tulikuwa tunatarajia kumwona mtu."

Mlezi Mkuu akaisoma mara tatu, akaamuru: "Basi awe mtu. Siku kumi na nne."

Bwana Kigalu akaitisha mkutano wa watu wote wa seti. "Ndugu wananchi wa sanaa! Taifa linadai mtu. Nani kati yetu anafahamu wanakuwaje?"

Mpiga picha mmoja, kijana mwepesi wa mdomo, akasema, "Mimi nadhani wanapendana tu, kama mtu yeyote anavyo..."

Mjumbe wa Bodi akafungua daftari. "Umejuaje?"

"Nimesema nadhani, mzee."

"Umejuaje hata ukadhani?"

Kijana akahamishiwa kituo cha kupimia mvua, huko nyuma ya milima, akapime. Tangu siku hiyo swali hilo la maneno mafupi likawa ndilo linaloogopwa kuliko yote nchini. Mtu akimwambia mwenzake jua kali leo, alimalizia haraka kwamba yeye hana uhakika.

*

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo Shomvi alipojiponza.

Siku ya kumi na moja wakarudia ile sehemu ya msafiri kurudi. Taa zikawaka. Dihenga akaingia mlangoni na begi lake. Shomvi alikuwa amekosa usingizi siku tatu, kichwa kimekuwa kitupu, hana la kuigiza. Mikono yake ikaenda yenyewe. Akampokea Dihenga begi, akaliweka chini polepole. Akamkunjua kola ya koti iliyokuwa imejikunja. Akaona kijiuzi begani, akakitoa, akakizungusha kwenye kidole cha shahada, wala hakukitupa. Akamtazama usoni, si kwa muda mrefu, kiasi cha kuhakikisha kwamba wote wamerudi, yule mtu na uso wake. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Umekula?"

"Nilikuwa nakusubiri," akajibu Dihenga, maneno ambayo hayakuwamo kwenye karatasi.

Fundi wa sauti akajifuta macho, kisha akamwona mjumbe wa Bodi anamtazama, akajidai ameingiwa na mdudu. Bwana Kigalu akasahau kusema "kata." Shomvi akageuka kutafuta kama amekosea, na huko nyuma ya kamba za nguo akamwona Mzee Idarusi, mtunza mavazi, amesimama na pini mdomoni, mkono umeshika koti la mtu, uso umebadilika rangi.

Hapo ndipo Shomvi alipotambua alikuwa amemwigiza nani. Akakaa juu ya begi la Dihenga.

Mzee Idarusi alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, futi ya kupimia nguo shingoni mchana kutwa. Aliishi Mtaa wa Kisima kwa miaka ishirini na miwili pamoja na binamu yake Hamdani, fundi saa. Kila mtu alijua kwamba ni mabinamu, na hakuna aliyeuliza kwa shangazi yupi. Kila jioni Hamdani alikuja langoni kumchukua, na kila jioni Idarusi alimkunjua kola, akamtoa kijiuzi, akamwuliza kama amekula. Watu walipita hapo hapo wakiaga, "Haya mzee, kesho." Miaka sita Shomvi amepita pale. Hakujua kwamba alikuwa anatazama.

*

Picha zikapelekwa ng'ambo. Safari hii jibu lilikuja kwa simu: walimwengu wamelia, safu ya mbele imeshatengwa. Salamani ikasherehekea. Mlezi Mkuu, asiye na subira, akaamuru tangazo la filamu lianze kuonyeshwa kwenye televisheni mara tu litakapokatwa, kabla na baada ya taarifa ya habari.

Shomvi yeye akaletewa Fomu ya Chanzo.

Lazima niwaeleze kuhusu fomu hii, maana nchi nyingine hazijafikia maendeleo hayo. Katika Shirika la Filamu la Taifa mwigizaji haruhusiwi kubuni mtu. Kubuni ni uongo, na uongo una wizara yake. Mwigizaji lazima amtazame mtu wa kweli, kisha aandike jina lake, mtaa, na namba ya nyumba, ili Bodi ikamkague na kuhakikisha ameigwa sawasawa. Shomvi alipocheza daktari aliandika daktari. Alipocheza mwizi wa kuku alimwandika mwizi wa kuku wa mtaani kwao, mtu mcheshi, na wiki iliyofuata mtu yule hakuonekana tena. Shomvi hakupenda kulikumbuka jambo hilo, na sasa alilikumbuka kila alipomeza mate.

Mwisho wa fomu palikuwa na mstari mmoja wenye herufi nzito: *Mwigizaji asiye na chanzo, chanzo ni yeye mwenyewe.*

Akausoma amesimama, akausoma ameketi. Akiandika jina la Idarusi, mzee kaisha. Akiacha wazi, kaisha yeye, na cheti cha saruji na ndevu hakitamsaidia. Siku saba.

Akaenda chumba cha mavazi mchana watu wakiwa wamekwenda kula. Mzee Idarusi alikuwa anashona kifungo cha sare ya polisi wa filamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na karatasi, naona."

"Mzee, Mungu ni shahidi yangu, sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Ungekusudia ungeharibu." Akakata uzi kwa meno. "Ulianza lini kunitazama, mwanangu?"

"Sikuwa nakutazama, mzee. Nilikuwa napita tu."

"Na mimi miaka yote hiyo nikidhani nimejificha." Akatikisa kichwa, na Shomvi akaona kwamba vidole vya mzee, vilivyokuwa havijawahi kukosea tundu la sindano, vinalikosa. "Umeniweza, lakini. Nilisimama pale nyuma nikajiona. Nikasema, kumbe ndivyo ninavyomtazama! Sikuwahi kuona kutoka upande ule. Mtu mwingine atapewa zawadi kwa uso wangu, sawa, nguo zangu zote huvaliwa na wengine, nimezoea. Lakini sasa niambie, mimi nitaishi wapi?"

Shomvi alitaka kusema kwamba hataandika jina lake hata wamchinje. Hakulisema. Akatoka bila hata kuaga vizuri. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Siku iliyofuata Mzee Idarusi hakuja kazini. Wakasema ameomba ruhusa, hajisikii vizuri. Na Shomvi, nitawaambia ukweli hata kama ni aibu, alishukuru kwamba hatalazimika kumtazama machoni.

*

"Nipe hiyo karatasi," akasema Siwema siku ya tatu, alipochoka kumwona mumewe akiizunguka meza. Akaisoma yote, midomo ikicheza. "Chanzo. Aliyemtazama. Kwani imeandikwa lazima awe mwanamume?"

"Siwema!"

"Nimeuliza. Imeandikwa?"

Haikuandikwa. Waliotunga fomu hawakufikiria.

"Basi andika mimi. Mke wako. Ulinitazama ninavyokupokea ukirudi kazini, ukaiga. Nani atabisha?"

"Lakini wewe hunipokei hivyo."

"Nakupokeaje?"

"Unasema, funga mlango mbu wasiingie."

"Si ni kweli mbu wapo!" Siwema akaanza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu naye alikuwa ameogopa. "Shomvi, yule mzee ndiye aliyenipunguzia gauni la harusi. Hakutaka hata ahsante. Andika mimi, na kama wakitaka kuona, unifundishe."

Wakajifungia mchana wa Jumamosi, mapazia yameshushwa, redio imefunguliwa kwa sauti ili majirani wasisikie mtu akipokewa kwa upendo. Shomvi alitoka mlango wa uani akaingia, akatoka akaingia. Siwema alikosea kola, akakosea kijiuzi, akauliza "Umekula?" kama karani anayejaza dodoso. Mara ya kumi na tatu hakukosea. Alikizungusha kijiuzi kidoleni, akainua macho, akauliza. Na Shomvi, ambaye miaka mitano ya ndoa hakuwahi kuulizwa hivyo, wala yeye hakuwahi kumwuliza mtu, akasahau la kujibu.

"Mbona unalia? Kwenye filamu unalia?"

"Silii."

"Basi siku yenyewe usilie, watatuuliza tumejuaje."

*

Bodi ya Usafi wa Sanaa ilikaa na wajumbe saba, wote wanaume, wote na vyeti. Mwenyekiti alikuwa Mstahiki Daktari Mgubika, ambaye shahada yake ya udaktari ilikuwa ya ukimya. Mbele yao kulikuwa na televisheni kubwa, picha ya Shomvi ikiwa imesimamishwa hapo na kijiuzi chake kidoleni.

"Bwana Shomvi Bakiri," akaanza Mwenyekiti. "Bodi hii tukufu, inayolinda macho ya taifa ili yasione yasiyokuwapo, imepokea fomu yako kwa mshangao, na baada ya kushangaa kwa mujibu wa kanuni, inauliza. Unasema mhusika huyu wa," akakohoa, "umemtoa kwa mkeo?"

"Ndiyo, mstahiki." Kijasho chembamba kilikuwa kinamtambaa mgongoni.

"Mke akupokeaye wewe, mume halali?"

"Ndiyo, mstahiki."

"Na aonyeshe."

Shomvi akatolewa nje ya mlango. Aliposimama pale kwenye ujia, peke yake, akafikiria kukimbia. Ngazi zilikuwa pale pale. Akazihesabu, kumi na mbili. Kisha akakumbuka kwamba Siwema yuko ndani na wanaume saba, akausukuma mlango.

Siwema akamjia. Uso ulikuwa umempauka, lakini mikono ilikuwa shwari. Akampokea begi. Akamkunjua kola. Kijiuzi hakikuwapo, walikuwa wamesahau kukiweka! Siwema bila kutikisika akauvuta uzi kutoka pindo la kanga yake mwenyewe, akauzungusha kidoleni, akainua macho.

"Umekula?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Mjumbe mmoja, kanali mstaafu, mtu wa miaka sabini mwenye nishani kifua kizima, akasema kwa sauti ya chini, "Hivyo ndivyo. Hivyo ndivyo hasa."

Viti sita vikageuka.

"Umejuaje, Kanali?" akauliza Mwenyekiti.

Kanali akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa amepigana vita viwili, na siku hiyo aliinamisha macho mezani. "Sijui, Mwenyekiti. Nilikuwa nawaza mambo mengine. Nilikuwa nawaza barabara."

Wakaandika kwamba alikuwa anawaza barabara. Kisha wakaanza kulinganisha. Walimsimamisha Siwema kando ya televisheni, wakapima kwa rula umbali wa mkono mpaka begani, wakapima macho, wakahesabu sekunde. Walirudia mara tano. Katibu akafuta kipaji cha uso kwa leso.

"Mwenyekiti, tofauti haionekani."

"Itafute."

"Nimeitafuta, mstahiki."

Kila mmoja pale alielewa walipofika. Wakiandika kwamba kati ya hili na lile hakuna tofauti, watakuwa wameandika jambo ambalo wanaoliandika huhamishwa mbali zaidi ya kituo cha mvua. Wakiandika kwamba ipo, Mlezi Mkuu atauliza ni ipi, halafu atauliza wamejuaje. Mwenyekiti akanywa maji. Wajumbe wakanywa maji. Shomvi alitazama mashati yao yalivyolowa makwapani, na akaona wamelowa kumzidi yeye.

Mwisho Katibu, mtu wa kazi nyingi, akapata njia. Akaandika: *Bodi imeona kwamba tofauti kati ya mapenzi haya na yale ni ........*

"Safi kabisa," akasema Mwenyekiti, na sauti ikamrudia. "Hati yenye msimamo!" Akaisoma kwa fahari, akakohoa panapostahili, akagonga muhuri mkubwa wa buluu. Shomvi akavishwa hapo hapo nishani ya muda, ile ya kudumu ikiwa bado inapakwa rangi, kwa kuigiza kwa ustadi kitu kisichokuwapo nchini. Siwema akapewa onyo asipokee watu hivyo hadharani.

Nje, kwenye ngazi zile kumi na mbili, Siwema akakaa akatapika. Shomvi akamshika mabega.

"Nenda kamwambie mzee," akasema Siwema akijifuta mdomo. "Mimi nitafika nyumbani. Nenda!"

*

Shomvi akakimbia. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi alikimbia kwa furaha, karatasi yenye muhuri mkononi, nishani inagonga kifuani, watu wanampisha. Njia nzima alikuwa anapanga maneno. Mzee, umepona. Mzee, jina lako sikulitaja. Mzee, nisamehe nilivyoondoka siku ile.

Mtaa wa Kisima, nyumba ya nne. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na meza, hamkuwa na kitanda, hamkuwa na pazia. Ukutani zilibaki alama nyeupe za mviringo, nyingi, mahali zilipokuwa zikining'inia saa za Hamdani.

Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa anafagia kibaraza kilichounganisha milango miwili, ameinama, mkono mmoja mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema bila kuinua kichwa.

"Namtafuta Mzee Idarusi. Nina habari njema yake."

"Umechelewa, baba. Wameondoka juzi, mchana kweupe, mabegi mawili na cherehani. Wapi, hawakusema, na mimi sikuuliza. Jioni iliyotangulia walikuja kwangu kutazama taarifa ya habari kama siku zote, televisheni yao mbovu. Likaletwa lile tangazo la filamu. Mzee Idarusi akalitazama mpaka mwisho. Akacheka, mwanangu, akacheka mpaka machozi. Akasema, kijana hodari huyu, hakusahau hata kimoja." Ufagio ukaenda, ukarudi. "Hamdani hakucheka. Yeye aliinuka akaenda kuteremsha saa."

"Lakini mimi sikumwandika, bibi! Tazama hapa! Sikumwandika!" Shomvi akamnyooshea karatasi kwa mikono miwili.

Bibi akajinyoosha pole pole. Akautazama muhuri wa buluu. Akaitazama nishani. Kisha akamtazama usoni, na Shomvi akaona anavyomtambua: ndiye yule wa kwenye tangazo. Ufagio ukasimama. Bibi akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta.

"Nilikuwa naropoka, bwana mkubwa," akasema. "Uzee huu, nisamehe."

"Bibi, mimi si mtu wao. Mimi ni rafiki yake."

"Rafiki ya nani, bwana mkubwa? Hapa hajakaa mtu."

"Umeniambia sasa hivi..."

"Sijasema kitu. Nyumba hii ni tupu tangu ilipojengwa. Ukitaka niapishe, nitaapa."

Maisha yake yote Shomvi alikuwa ameogopa watu. Hakuwahi kumwona mtu akimwogopa yeye. Alitaka kuivua nishani, vidole vikashindwa na pini. Alitaka kumwambia bibi asiogope, na kila alipofungua mdomo bibi alijikunyata zaidi. Akaishusha karatasi.

Bibi akasubiri kidogo aone kama ataulizwa jingine. Hakuulizwa. Basi akainama akaendelea kufagia, kutoka mlango ule mpaka huu, akizifuta alama za viatu barazani moja baada ya nyingine, mpaka ufagio ukafika alipokuwa amesimama Shomvi, ikambidi asogee.